Alexander John Forsyth

Alexander John Forsyth (Belhelvie, Uskoti, 28 Desemba 1768 – Belhelvie, 11 Juni 1843) alikuwa mchungaji wa Kanisa la Uskoti, mwindaji wa ndege na mvumbuzi. Anajulikana hasa kwa kubuni mtambo wa bunduki unaowasha baruti kwa kugonga kemikali inayolipuka, badala ya kutegemea cheche za jiwe la gumegume. Uvumbuzi wake ulifungua njia ya bunduki za fataki, na kanuni yake bado inatumika katika risasi za kisasa.

Forsyth hakuwahi kujifunza ufundi wa bunduki kwa bwana yeyote. Alikuwa fundi wa ridhaa aliyefanya kazi katika karakana yake mwenyewe karibu na nyumba ya mchungaji. Kwa sababu hiyo maisha yake hutajwa mara nyingi panapojadiliwa tofauti kati ya fundi wa ridhaa na fundi wa kazi, na pia hatari zinazokuja pale maarifa ya silaha yanapotolewa hadharani.

Familia na elimu

Forsyth alizaliwa katika nyumba ya mchungaji wa parokia ya Belhelvie, kaskazini mwa mji wa Aberdeen, karibu na pwani ya Bahari ya Kaskazini. Baba yake, James Forsyth, alikuwa mchungaji wa parokia hiyo. Kijana alisoma katika King's College ya Aberdeen, akajiandaa kwa kazi ya kanisa. Mwaka 1791 alishika nafasi ya baba yake, akabaki mchungaji wa Belhelvie hadi alipofariki, yaani kwa muda wa miaka 52.

Kazi ya uchungaji katika parokia ya mashambani ilimwachia nafasi ya kufuata mambo mengine mawili aliyoyapenda. La kwanza lilikuwa uwindaji wa ndege, na la pili kemia na ufundi wa vyuma. Alitengeneza karakana ndogo, akafua na kupiga tupa vifaa vyake mwenyewe. Wakati huo haikuwa ajabu kwa mchungaji msomi kufanya majaribio ya sayansi. Wachungaji wengi wa Uingereza na Uskoti walichunguza mimea, nyota au hali ya hewa. Ajabu ya Forsyth ilikuwa kwamba majaribio yake yaligusa kazi iliyokuwa na mafundi wake, kanuni zake na siri zake.

Tatizo la bunduki ya gumegume

Ili kuelewa alichokifanya Forsyth ni lazima kujua jinsi bunduki za zama zake zilivyofanya kazi. Bunduki ya gumegume ilikuwa na jiwe lililobanwa kwenye nyundo. Mtu alipovuta kifyatulio, jiwe lilipiga kipande cha chuma na kutoa cheche. Cheche ziliangukia baruti kidogo iliyowekwa katika kisahani cha nje, baruti hiyo ikawaka, na moto ukapita katika tundu dogo hadi kwenye baruti kuu iliyo ndani ya kasiba. Ndipo risasi au marisau yalipotoka.

Mfumo huo ulikuwa na kasoro tatu. Kwanza, mvua au unyevu uliweza kulowesha baruti ya kisahani, bunduki ikakataa kulia. Pili, kulikuwa na kitambo kidogo kati ya kuvuta kifyatulio na kutoka kwa risasi, na mlengaji alihitaji kushikilia shabaha katika kitambo hicho chote. Tatu, mwako wa kisahani ulionekana kabla ya risasi kufika. Katika pwani yenye upepo na mvua kama ile ya Belhelvie, Forsyth aliona kwamba ndege wa majini walishtuliwa na mwako huo na kuzama au kuruka kabla ya kupigwa.

Mafundi wa London waliijua kasoro hii. Kwa zaidi ya karne moja walikuwa wamejitahidi kuipunguza kwa kuboresha springi, kulainisha sehemu zinazosuguana na kubadili umbo la kisahani, na kazi yao ilikuwa imefikia ubora wa hali ya juu. Hata hivyo waliendelea kuboresha kitu kilekile. Forsyth, ambaye hakuwa na mazoea ya karakana wala wateja wa kuwaridhisha, alianza kwa kufunika mtambo ili kuficha mwako. Baadaye akajiuliza kama kisahani na cheche vilihitajika kabisa.

Kemikali zilizoogopwa

Mwishoni mwa karne ya 18 wanakemia walikuwa wamegundua dutu zinazolipuka kwa kugongwa tu. Mfaransa Claude Louis Berthollet alichunguza chumvi ya klorati, na palikuwa na matumaini kwamba ingeweza kuchukua nafasi ya shura katika baruti ya jeshi. Jaribio lililofanywa Essonnes, karibu na Paris, mwaka 1788 liliishia kwa mlipuko uliowaua watu wawili.

Mwaka 1800 Mwingereza Edward Charles Howard alichapisha taarifa yake kuhusu fulminati ya zebaki katika jarida la Royal Society. Howard alijaribu kuitumia kama baruti ndani ya bunduki, na bunduki ikapasuka. Yeye mwenyewe alijeruhiwa katika majaribio yake. Alipewa Medali ya Copley kwa kazi hiyo, lakini fundisho lililobaki kwa wengi lilikuwa kwamba dutu hizo hazifai kwa silaha.

Taarifa za aina hii zilikuwa wazi kwa kila msomaji. Mtu mwenye udadisi na asiye na tahadhari angeweza kurudia majaribio hayo na kupoteza vidole, macho au maisha. Forsyth alizisoma kwa jicho tofauti. Aliona kwamba kosa lilikuwa katika matumizi: dutu inayolipuka kwa kasi kubwa mno haiwezi kusukuma risasi bila kupasua kasiba, lakini kiasi kidogo sana kinaweza kuwasha baruti ya kawaida, nayo baruti ikafanya kazi yake kama zamani. Wazo hili la kutenganisha kazi ya kuwasha na kazi ya kusukuma ndilo kiini cha uvumbuzi wake.

Kufikia mwaka 1805 alikuwa na mtambo uliofanya kazi, akautumia kwenye bunduki yake ya kuwindia.

Katika Mnara wa London

Mwaka 1806 Forsyth alikwenda London na bunduki yake. Alimwonyesha Sir Joseph Banks, rais wa Royal Society, na habari zikamfikia Lord Moira, aliyekuwa mkuu wa idara ya silaha ya serikali. Wakati huo Uingereza ilikuwa vitani na Ufaransa ya Napoleon, na kila kilichoweza kuboresha bunduki za askari kilikuwa na uzito. Lord Moira alimpa Forsyth chumba cha kazi ndani ya Mnara wa London, na mpango ukafanywa ili parokia ya Belhelvie ihudumiwe na mchungaji mwingine.

Hapo ndipo tofauti kati ya fundi wa ridhaa na fundi wa kazi ilipoonekana wazi. Katika karakana yake ya nyumbani Forsyth alitengeneza mtambo mmoja kwa mikono yake, akijua kila kasoro yake na kuirekebisha alipoiona. Jeshi lilihitaji kitu cha namna nyingine: mitambo maelfu inayofanana, iliyotengenezwa na mafundi wengi, inayobebwa na askari asiyejua kemia, katika vumbi, joto na mvua. Kulipua kemikali kwa usahihi, kwa kiasi kilekile kila mara na bila kuhatarisha mtumiaji, kulidai vipimo ambavyo chuma na tupa za mafundi wa siku hizo havikuvizoea.

Mwaka 1807 serikali ilibadilika. Lord Chatham alichukua nafasi ya Lord Moira, na hakuona sababu ya kuendelea na majaribio hayo. Forsyth aliamriwa kuondoka na vifaa vyake. Simulizi inayorudiwa mara nyingi husema kwamba Napoleon alimtolea paundi 20,000 ili auze siri yake, naye akakataa.

Hataza ya mwaka 1807

Alipofukuzwa kwenye Mnara, Forsyth alikuwa na njia mbili. Angeweza kuficha maarifa yake, au kuyaweka hadharani chini ya ulinzi wa sheria. Alichagua njia ya pili. Tarehe 11 Aprili 1807 alipata hataza. Katika kuandaa maelezo yake alisaidiwa na rafiki yake James Watt, mhandisi maarufu wa injini za mvuke, ambaye mwenyewe alikuwa amepigania hataza zake kwa miaka mingi.

Hataza ni mapatano kati ya mvumbuzi na umma. Mvumbuzi anaeleza kazi yake waziwazi, na kwa malipo yake anapewa haki ya pekee kwa muda maalumu, ambao kwa sheria ya Uingereza ya wakati huo ulikuwa miaka 14. Hati ya Forsyth haikufungwa kwenye umbo moja la mtambo. Ilidai kanuni yenyewe, yaani matumizi ya dutu zinazolipuka kwa kugongwa kama kiwashio cha baruti katika silaha za moto. Upana huo ulimpa nguvu kubwa mahakamani, lakini pia uliwaonyesha mafundi wote wa Ulaya mahali pa kutafuta.

Duka la Piccadilly

Mwaka 1808 Forsyth na washirika wake walifungua duka katika nyumba namba 10 ya mtaa wa Piccadilly, London. Mchungaji hakujaribu kutengeneza bunduki za kuuza kwa mikono yake. Waliajiriwa mafundi wa kazi, na mmoja wao alikuwa James Purdey, aliyekuwa amefanya kazi kwa Joseph Manton, fundi aliyesifiwa kuliko wote London. Purdey alishughulikia mitambo na vitako vya bunduki, na mwaka 1814 alianzisha kampuni yake mwenyewe, ambayo ipo hadi leo.

Mtambo uliouzwa katika duka hilo ulijulikana kwa umbo lake lililofanana na chupa ndogo ya manukato. Chupa hiyo ya chuma ilikuwa ghala la unga wa kulipuka, wenye kutosha mara nyingi. Mwindaji aliizungusha, kiasi kidogo kikashuka mahali pake, kisha akairudisha na kufyatua. Kazi yake ilikuwa nzuri pale mtambo ulipotengenezwa kwa usahihi na kutunzwa safi. Lakini unga mwingi wa hatari ulikaa jirani kabisa na mahali pa mlipuko, na kila sehemu iliyolegea kwa uchakavu iliongeza hatari. Mtambo kama huo ulihitaji fundi aliyefunzwa kuutengeneza na mtumiaji mwangalifu.

Ufundi wa bunduki wa Uingereza ulikuwa na desturi za kudhibiti hatari za namna hii. Kijana alifundishwa na bwana wake kwa miaka kadhaa kabla ya kuruhusiwa kufanya kazi peke yake. Chama cha watengeneza bunduki wa London kilipata hati ya kifalme mwaka 1637, na mjini Birmingham nyumba ya majaribio ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1813. Katika nyumba hizo kasiba ilijazwa baruti kuliko kawaida na kufyatuliwa ikiwa mbali na watu. Iliyostahimili ilipigwa muhuri, na iliyopasuka ilipasukia mahali ambapo hakuna mtu wa kuumia. Mafundi wa ridhaa hawakuwa na utaratibu huo isipokuwa walipopeleka kazi yao kwa wenye utaalamu.

Kesi mahakamani

Ushauri uliotolewa hadharani ulipata wafuasi haraka. Huko Paris, Jean Samuel Pauly, mzaliwa wa Uswisi, alipata mwaka 1812 hataza ya bunduki ya kujazwa kwa nyuma iliyotumia risasi yenye kiwashio chake ndani. London kwenyewe mafundi walibuni mitambo iliyotumia vidonge au mirija midogo badala ya unga. Wengi wa mafundi hao walikuwa na ustadi kuliko Forsyth, na mitambo yao mingine ilikuwa bora kuliko wake. Hata hivyo yote ilisimama juu ya kanuni yake.

Joseph Manton alipata hataza ya mtambo wa vidonge mwaka 1816. Kampuni ya Forsyth ilimshtaki, na mahakama ikampa Forsyth haki. Mwaka 1819 alishinda pia kesi dhidi ya fundi Reviere. Katika kesi hiyo ilitolewa hoja kwamba mtu mwingine alikuwa amegundua jambo hilohilo mapema. Mahakama iliamua kwamba watu kadhaa wakigundua kitu kimoja, yule aliyekuwa wa kwanza kukifikisha kwa umma kwa njia ya hataza ndiye mwenye haki. Aliyejua na kunyamaza hakuweza kudai baadaye. Uamuzi huo ulitajwa kwa muda mrefu katika sheria za hataza za Uingereza.

Hataza ilikwisha mwaka 1821. Kuanzia hapo kila fundi aliruhusiwa kutumia kanuni ya Forsyth bila kumlipa.

Fataki ya shaba

Hatua iliyokamilisha uvumbuzi haikutoka kwa Forsyth. Ilikuwa fataki, yaani kikofia kidogo cha shaba chenye tone la dutu ya kulipuka ndani yake, kinachovishwa juu ya chuchu ya bunduki na kugongwa na nyundo. Watu kadhaa walidai kuwa wa kwanza kuibuni, wakiwemo Joshua Shaw, Mwingereza aliyehamia Marekani, na Joseph Egg wa London. Nchini Ufaransa François Prélat aliipatia hataza mwaka 1818.

Ubora wa fataki haukuwa katika kasi tu. Iliondoa ghala la unga kwenye bunduki, kwa hiyo kila mlipuko ulihusu kiasi kidogo kilichopimwa kiwandani. Kazi ya hatari ya kuandaa kemikali ilitoka mikononi mwa mwindaji na kwenda kwa watengenezaji wenye vifaa na kanuni. Kwa maneno mengine, wazo lililozaliwa katika karakana ya mtu wa ridhaa lilikuwa salama kwa watu wa kawaida pale tu wataalamu walipobeba sehemu yake ya hatari.

Matumizi jeshini

Jeshi la Uingereza lilichelewa kukubali. Mwaka 1834 majaribio marefu yalifanyika Woolwich, bunduki za gumegume zikilinganishwa na za fataki. Za gumegume zilikataa kulia takriban mara moja katika kila mara 6 au 7, na za fataki takriban mara 6 katika kila 1,000. Baada ya hapo jeshi lilianza kubadili bunduki zake.

Tofauti hiyo ilidhihirika vitani mwaka 1841, wakati wa Vita vya Afyuni nchini China. Karibu na Guangzhou kikosi cha askari wa Kihindi wa jeshi la Madras kilizingirwa katika mvua kubwa, na bunduki zao za gumegume hazikuweza kulia. Waliokolewa na askari wa majini waliokuwa na bunduki za fataki.

Miaka ya mwisho

Forsyth aliendelea na uchungaji wake huko Belhelvie. Biashara ya bunduki haikumfanya tajiri, na serikali iliyonufaika na kazi yake haikuwa imemlipa kwa uvumbuzi wenyewe. Marafiki zake walidai apewe tuzo, naye Henry Brougham, aliyekuwa jamaa yake na aliyewahi kuwa mkuu wa mahakama za Uingereza, alimtetea bungeni. Mwaka 1842 alipewa paundi 200. Alifariki tarehe 11 Juni 1843 akiwa na umri wa miaka 74. Baada ya kifo chake serikali ilitoa paundi 1,000 zaidi, zikagawiwa jamaa zake watatu.

Urithi

Kila risasi ya kisasa yenye kiwashio cha kugongwa kitakoni mwa ganda lake inafuata kanuni ya Forsyth. Mwaka 1909 jamaa yake, Jenerali Alexander John Forsyth Reid, alichapisha kitabu kuhusu uvumbuzi wake. Vibao vya kumbukumbu viliwekwa katika karne ya 20 kwenye Mnara wa London, mahali alipofukuzwa, na katika King's College ya Aberdeen.

Uvumbuzi huo uligusa pia Afrika Mashariki, na Kiswahili kimehifadhi alama zake katika maneno gumegume na fataki. Majeshi ya Ulaya yalipoacha bunduki za kujazwa kwa mdomo katika miaka ya 1860 na kuendelea, bunduki hizo kuukuu ziliuzwa kwa wingi kupitia Zanzibar na kuingia bara pamoja na misafara ya biashara. Katika Vita vya Maji Maji (1905–1907) wapiganaji wengi waliokuwa na bunduki walibeba magobori. Wahunzi wa vijijini walijifunza kuyatengeneza, kuyakarabati na hata kuyaunda upya, wakipashana ujuzi kwa mdomo, bila nyumba ya majaribio ya kupima kasiba zao. Kasiba ya bomba la kawaida haijulikani nguvu yake mpaka ipasuke, na aliyeishika ndiye anayeumia. Nchini Tanzania utengenezaji na umiliki wa silaha za moto unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kutengeneza bunduki bila leseni ni kosa la jinai.

Wanahistoria wa teknolojia humtaja Forsyth kama mfano wa mtu wa nje ya fani aliyeona jambo lililowapita wenye fani. Historia yake inaonyesha upande wa pili pia. Alipofikia mpaka wa ujuzi wake aliwaajiri mafundi, aliomba msaada wa Watt katika uandishi wa hati yake, na alikitumia kile ambacho Howard na Berthollet walikuwa wamekijua kwa gharama kubwa.